Archie Carr: Aliyewaandama kasa zaidi ya miaka 30 akiitafuta dira yao

Hebu fungua ramani ya dunia, iwe ya atlasi ya shule ama ya simu yako. Weka kidole kwenye ncha ya mashariki ya Brazil, kisha kisogeze polepole kuelekea Afrika. Utapita maji, maji na maji tena, hadi katikati ya Bahari ya Atlantiki ukutane na kitone kidogo mno, mtu anaweza kudhani ni uchafu ulioachwa na nzi kwenye karatasi. Hicho ni kisiwa cha Ascension. Ni kilele cha volkano kilichochomoza kutoka baharini. Ukikivuka kutoka upande mmoja hadi wa pili hutamaliza kilomita 15. Na kutoka Brazil hadi hapo ni zaidi ya kilomita 2,000.

Sasa sikiliza. Wako kasa wa kijani wanaoishi pwani ya Brazil, kazi yao kula nyasi na mwani wa baharini. Lakini ikifika zamu ya kutaga, hawatagi huko. Huiacha Brazil, wakakata maji hadi Ascension, wakataga mchangani, kisha wakarudi walikotoka. Baada ya miaka michache hufunga safari ile ile tena. Nahodha wa zamani aliyetaka kufika kisiwa kama hicho alihitaji dira, saa sahihi na vitabu vya nyota, na bado angeweza kukipita usiku asikione. Kasa hana hata kimoja cha hivyo. Anafikaje?

Swali hilo ndilo lililomnyima usingizi Mmarekani mmoja aitwaye Archie Carr. Jibu hakulipata. Alifariki mwaka 1987, na jibu likaanza kuonekana miaka minne baadaye. Lakini bila yeye, huenda leo kusingekuwa na kasa wa kutosha wa kuchunguzwa. Ndiyo maana kijana yeyote anayeambiwa kwamba swali lisilo na jibu la haraka ni kupoteza wakati, anafaa kumjua mtu huyu.

Mtoto wa kasisi

Archie Fairly Carr alizaliwa Juni 16, 1909 katika mji wa Mobile, jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Baba yake alikuwa kasisi wa Kanisa la Kipresbiteri. Alipojiunga na chuo, Archie hakwenda kusomea wanyama. Alianza na Kiingereza, maana alipenda fasihi na namna watu wa kawaida wanavyozungumza. Baadaye ndipo alipogeukia biolojia katika Chuo Kikuu cha Florida, mjini Gainesville. Mwaka 1937 akahitimu shahada ya uzamifu, akawa mtu wa kwanza kuipata katika zuolojia chuoni hapo.

Usidhani zile siku za fasihi zilipotea bure. Utaona mbele kwamba kalamu yake ndiyo iliyookoa kasa kabla ya sayansi yake.

Mwaka huo huo wa 1937 alimwoa Marjorie Harris, mwanabiolojia mwenzake. Walijaliwa watoto watano. Marjorie naye hakuwa mtu wa kukaa kivulini. Miaka ya baadaye aliongoza wananchi kupinga mfereji mkubwa wa meli uliokuwa ukichimbwa kukata jimbo la Florida katikati, na mwaka 1971 serikali ikasimamisha kazi hiyo. Kwa hivyo ukisikia jina Carr huko Florida, jua ni familia iliyozoea kung'ang'ana.

Kati ya 1945 na 1949 familia ilihamia Honduras, Amerika ya Kati, ambako Archie alifundisha katika chuo cha kilimo cha Zamorano. Kihispania chake kilinolewa huko, na huko ndiko alikoanza kuikaribia Bahari ya Karibi na watu wake: wavuvi, manahodha, wauza mayai ya kasa, kina mama wa vijijini. Carr alikuwa na tabia moja ambayo wasomi wengi hukosa. Aliketi na watu hawa akawasikiliza. Hakudhani kwamba mtu asiye na shahada hana la kumfunza.

Hadithi ya mabaharia wa Cayman

Ili uelewe alichosikia, lazima ujue kasa walikuwa na thamani gani. Christopher Columbus alipopita visiwa vya Cayman mwaka 1503, aliviita Las Tortugas, yaani visiwa vya kasa, kwa jinsi walivyokuwa wengi. Mabaharia waliofuata walifurahi kupita kiasi. Kasa ni nyama isiyooza: ukimgeuza chali kwenye sitaha ya meli hawezi kujipindua, na ataishi wiki kadhaa bila kulishwa, akisubiri kisu. Supu yake ikawa chakula cha matajiri wa London. Miaka ilivyopita, kasa wa Cayman wakaliwa wakaisha. Ikabidi mabaharia wa visiwa hivyo wasafiri hadi pwani ya Nicaragua kuwawinda wale waliobaki.

Mabaharia hao walikuwa na hadithi. Walisema kila nahodha alichonga alama yake kwenye gamba la tumboni la kila kasa aliyemnasa, ili wasichanganyikane sokoni. Walisafirisha kasa hao hadi Key West, Florida, wakawaweka kwenye mazizi ya majini. Siku nyingine dhoruba ilibomoa mazizi na kasa wakatoroka. Baada ya miezi kadhaa, kule kule Nicaragua, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Florida, wavuvi walimnasa kasa, wakamgeuza, na kumbe ana alama ya nahodha fulani tumboni! Amerudi kwenye mwamba ule ule alikokamatwa.

Mwingine angecheka akasema hizo ni porojo za mabaharia. Carr alijiuliza kama inawezekana. Wahenga wetu walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wao walimaanisha binadamu. Lakini kasa aliyebebwa chali ndani ya meli hakuiona njia aliyopitishwa. Hakuhesabu mawimbi. Akirudi kwao, basi ana kitu ndani yake kinachomwambia aliko na kwao kuliko.

Ufuo wa mchanga mweusi

Mwaka 1952 Carr alichapisha kitabu kikubwa cha kitaalamu kuhusu kasa na kobe wa Marekani na Kanada. Kazi hiyo ilimpa tuzo, lakini pia ilimwonyesha mapengo. Kuhusu kasa wa baharini, wasomi walijua kidogo mno kuliko wavuvi. Akaanza kuzunguka Karibi akiuliza kasa wako wapi na wanataga wapi. Karibu kila alikofika aliambiwa jambo moja: zamani walikuwa wengi.

Mahali pamoja palikuwa tofauti. Tortuguero, kwenye pwani ya Costa Rica inayotazama Karibi, kuna ufuo wa mchanga mweusi unaoenda kilomita 35 hivi. Kasa wa kijani bado walikuwa wakipanda huko kutaga. Lakini hata huko hali ilikuwa mbaya. Ufuo uligawanywa vipande, kila kipande kikapewa mtu wa kukesha. Kasa jike akitoka majini, mtu huyo alimpindua chali, hata kabla hajataga, akamwacha hapo hadi mashua ya kumbeba ifike. Hebu fikiria. Mama anauawa akiwa na mayai tumboni, na mayai yaliyobahatika kutagwa nayo yanafukuliwa kuuzwa. Hesabu yake ni rahisi: baada ya miaka kadhaa hakuna mtoto, hakuna mama.

Safari hizo zilizaa kitabu alichokiita The Windward Road, kilichotoka mwaka 1956. Si kitabu cha maabara. Ni cha safari, kimejaa watu, masoko, ndege ndogo na mazungumzo ya ufuoni. Sura yake moja kuhusu ufuo ule mweusi ilishinda tuzo ya O. Henry, ambayo hupewa hadithi fupi. Na humo ndani Carr alisema wazi kwamba kasa wa kijani wa Karibi wanakwisha.

Nakala moja ikamfikia mchapishaji aitwaye Joshua Powers. Aliguswa hadi akanunua nakala nyingine akawatumia marafiki zake. Marafiki hao wakaunda kundi lenye jina la utani, Udugu wa Kasa wa Kijani, na mwaka 1959 likawa shirika kamili la kuhifadhi kasa wa Karibi, Carr akiongoza upande wa sayansi. Shirika hilo lipo hadi leo. Haya yote yalianza na kitabu kimoja kilichopitishwa mkono kwa mkono.

Barua zilizoleta habari za msiba

Tangu 1955 Carr alikuwa ameanza kazi ya kuwatia kasa alama huko Tortuguero. Wazo lilikuwa jepesi: mfunge kasa kipande cha chuma chenye nambari, mwachilie, halafu ungoje uone ataonekana wapi. Utekelezaji haukuwa mwepesi. Alama za kwanza zilifungwa kwa waya kwenye ukingo wa gamba, lakini madume walizing'oa wakati wa kupandana. Suluhisho likatoka kwa wafugaji. Carr alichukua hereni za chuma ambazo ng'ombe huvishwa sikioni, akawavisha kasa kwenye kikono cha mbele. Zikashika.

Kila alama ilikuwa na anwani ya chuo kikuu na ahadi ya zawadi kwa atakayeirudisha. Mvuvi akimnasa kasa, atoe alama, aitie kwenye bahasha, alipwe. Na barua zilianza kumiminika. Nyingi zilitoka Nicaragua, kwenye malisho makubwa ya nyasi za baharini, nyingine kutoka pembe nyingine za Karibi. Taratibu ramani ikajichora: kasa wa Tortuguero hula mbali, tena katika nchi mbalimbali, lakini msimu wa kutaga ukifika hurudi ufuo ule ule mweusi, baada ya miaka miwili, mitatu au minne.

Lakini tazama uchungu uliokuwa ndani ya bahasha hizo. Alama haikutoka kwa kasa aliye hai. Kila barua iliyomfurahisha Carr mwanasayansi ilikuwa pia taarifa ya kifo cha kasa mmoja. Alijifunza njia zao kwa kuhesabu waliochinjwa njiani. Kama wavuvi wasingewinda, asingejua. Na kama wangeendelea kuwinda namna ile, pasingebaki wa kujua habari zake.

Mwaka 1960 kazi hiyo ikapelekwa Ascension, kile kitone cha ramani. Majike waliotiwa alama pale baadaye walinaswa pwani ya Brazil, na wengine wakaonekana tena Ascension miaka michache baadaye. Hapo ndipo hadithi ya mabaharia ilipopata nguvu mpya. Mtu anaweza kusema kasa wa Karibi anafuata pwani, anakumbuka miamba. Lakini kati ya Brazil na Ascension hakuna pwani wala mwamba wa kukumbuka.

Makisio yaliyogonga ukuta

Carr na wanafunzi wake walijaribu makisio moja baada ya jingine. Pengine kasa anasoma nyota kama mabaharia? Mwaka 1967 David Ehrenfeld, aliyekuwa mwanafunzi wake, na mwenzake walichunguza jicho la kasa wa kijani, wakakuta kwamba akitoa kichwa nje ya maji haoni mbali. Nyota kwake ni ukungu. Kisio hilo likadhoofika.

Pengine ananusa? Mwaka 1969 Carr na wenzake walipendekeza kwamba mkondo wa bahari huenda unabeba harufu ya Ascension hadi upande wa Brazil, na kasa anaifuata. Si wazo baya, kwani samaki aina ya samoni huutambua mto wake kwa harufu. Lakini harufu inayosafiri kilomita elfu mbili hupungua sana na kutawanyika.

Ili kuona njia yenyewe, Carr aliwafunga kasa vyelezo vya kukokota majini, vikiwa na baluni juu yake, ili watu waliokuwa mbali wafuate mwendo wao kwa macho. Kasa akivuta, baluni ikifuata! Alitamani pia siku ambapo setilaiti zingewafuata baharini usiku na mchana, wakati setilaiti zenyewe zilikuwa jambo jipya kabisa.

Vipi kuhusu sumaku? Wazo lilikuwapo, lakini ushahidi wa kasa haukuwapo. Ulianzia kwa ndege. Katika miaka ya 1960 huko Frankfurt, Ujerumani, Friedrich Merkel na Wolfgang Wiltschko walimfungia ndege mdogo wa kifua chekundu ndani ya kizimba, asione jua wala nyota. Majira ya kuhama yalipofika, ndege alirukaruka akielekea upande ambao wenzake walikuwa wakihamia. Kisha wakazungushia kizimba nyaya zenye umeme, wakageuza kaskazini ya sumaku. Ndege naye akageuka. Wataalamu wengi walikataa kuamini kwa miaka. Nguvu ya sumaku ya dunia ni hafifu mno. Ile sumaku ndogo ya kubandika karatasi kwenye friji ina nguvu kuliko hiyo kwa mara nyingi. Kiumbe cha nyama na damu kitaihisi vipi?

Kuokoa kabla ya kuelewa

Swali likiwa bado halijajibiwa, Carr angeweza kusema asubiri utafiti ukamilike. Hakusubiri. Yeye na shirika lake walishirikiana na jeshi la wanamaji la Marekani, ndege za kijeshi zikabeba maelfu ya vifaranga vya kasa kutoka Tortuguero hadi fukwe nyingine za Karibi ambako kasa walikuwa wameisha. Tumaini lilikuwa kwamba vikikua vitarudi kutaga huko. Mpango huo wa miaka ya 1960 haukuanzisha makao mapya ya kutagia kama walivyotaraji. Lakini uliwafanya watu wa Karibi wazungumzie kasa kama kitu cha kulindwa, si mchuzi tu.

Ushindi mkubwa ulikuwa Tortuguero kwenyewe. Costa Rica iliweka ulinzi wa kasa hatua kwa hatua, na mwaka 1975 eneo hilo likawa mbuga ya kitaifa kwa mujibu wa sheria. Leo ndipo mahali kasa wa kijani wengi zaidi hutagia katika Atlantiki nzima. Wanakijiji, ambao zamani walipata riziki kwa kumgeuza kasa chali, siku hizi wengi hupata riziki kwa kuwatembeza wageni usiku wakamtazame akitaga.

Katika miaka yake ya mwisho Carr alikabili fumbo lingine, alilokuwa amelipa jina la mwaka uliopotea. Kifaranga kikitoka mchangani hukimbilia bahari, kikapotea. Huonekana tena akiwa mkubwa kama sahani ya chakula au zaidi. Katikati alikuwa wapi? Carr alikusanya ushahidi kwamba vifaranga husafiri na mikondo ya bahari, wakijificha kwenye magugu yanayoelea, wengine wa Florida wakifika hadi karibu na visiwa vya Azores, upande wa pili wa Atlantiki. Na alionyesha kwamba si mwaka mmoja, ni miaka.

Mnamo Mei 21, 1987 Archie Carr alifariki kwa kansa nyumbani kwake, kando ya kidimbwi karibu na Micanopy, Florida. Alikuwa na umri wa miaka 77.

Jibu linakuja mwenyewe hayupo

Mwaka 1991, huko huko Florida, Kenneth Lohmann alichukua vifaranga vya aina nyingine ya kasa, yule wa kichwa kikubwa. Alivivisha kimkanda na kuviweka kwenye beseni kubwa la maji gizani, kila kimoja kikiwa kimefungwa kwenye mkono unaozunguka kufuata kinakoogelea. Kulizunguka beseni aliweka nyaya za umeme za kubadilisha sumaku. Vifaranga, ambavyo maishani havijawahi kuogelea baharini, vilielekea upande wa mashariki, kunakostahili. Alipopindua uga wa sumaku, navyo vikageuka. Kumbe dira ipo, na kifaranga huzaliwa nayo.

Lakini dira peke yake haitoshi. Ukiamka mahali usipopajua, dira itakuonyesha kaskazini, haitakuambia kama uko Kisumu ama Garissa. Unahitaji ramani pia. Na hapa ndipo dunia yenyewe inasaidia. Mistari ya sumaku ya dunia ina mwinamo. Kuna mstari unaoizunguka dunia ambapo imelala sawasawa na ardhi, na hapa kwetu mstari huo unapita kaskazini mwa Kenya, huko Ethiopia. Ukielekea ncha za dunia, inainama zaidi na zaidi, hadi inasimama wima. Nguvu yake pia hubadilika kutoka mahali hadi mahali. Mwinamo na nguvu vikiunganishwa, ni kama anwani.

Miaka ya 1990 Lohmann na wenzake walionyesha kwamba kifaranga huhisi vyote viwili. Mwaka 2001 waliwapa vifaranga wa Florida sumaku ya sehemu mbalimbali za ule mzunguko wa mikondo ya Atlantiki ambao Carr alisema ndiko walikopotelea. Kila walipopewa anwani ya sehemu fulani, waliogelea upande ambao ungewaweka salama ndani ya mkondo wenye joto. Mwaka 2004 wakawajaribu kasa wa kijani wadogo. Walipowapa sumaku ya mahali palipo kilomita 340 kaskazini, kasa waliogelea kusini. Walipowapa ya kusini, wakaelekea kaskazini. Hawakuwa wamesogezwa hata hatua moja, lakini walitaka kurudi kwao. Ile hadithi ya mabaharia wa Cayman!

Hata katika Bahari Hindi yetu jambo hili limepimwa. Watafiti walichukua kasa wa kijani waliokuwa wakitaga Mayotte, katika visiwa vya Komoro, wakawapeleka mbali baharini, baadhi wakiwa wamebandikwa sumaku kichwani ili kuvuruga dira yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007: wenye sumaku walizunguka kwa njia ndefu zaidi kuliko wenzao.

Usifikiri mambo yamekwisha. Jaribio jingine la sumaku kwa kasa waliotoka Ascension kurudi Brazil halikuwapoteza njia, kwa hivyo kasa wana zaidi ya mbinu moja, na huenda hata ile harufu ya Carr ina sehemu yake. Pia wataalamu bado wanabishana kiungo chenyewe cha kuhisi sumaku kiko wapi. Wengine wanataja chembechembe za madini ya chuma mwilini, wengine kemikali zinazofanya kazi na mwanga machoni. Anayetafuta kazi ya kufanya maishani, kazi ipo.

Atakayerudi ukiwa mtu mzima

Oktoba 2025, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimwondoa kasa wa kijani kwenye kundi la viumbe walio hatarini kuangamia, baada ya idadi yake duniani kuongezeka. Si kila ufuo umepona, ila mwelekeo umebadilika. Carr aliongoza wataalamu wa kasa wa shirika hilo hilo kwa miaka mingi.

Sasa rudi nyumbani. Kasa wa kijani hutaga kwenye fukwe zetu pia, kuanzia Kiunga na Lamu hadi Watamu. Mwaka 2015 utafiti wa Florida ulionyesha kwamba uga wa sumaku unaposogea kidogo kidogo kwa miaka, mahali kasa wanapotaga nako husogea, dalili kwamba kifaranga hukariri anwani ya sumaku ya ufuo alikozaliwa. Na kasa wa kijani huchukua miaka kati ya 20 na 40 kukomaa.

Piga hesabu hiyo. Kifaranga jike atakayetoka mchangani Watamu mwaka huu, asipovutwa na taa za hoteli akapotea, asiponaswa na wavu, atarudi kutaga wewe ukiwa na watoto, pengine na mvi. Atarudi na anwani aliyopewa usiku ule mmoja. Hatajua kama ufuo umejengwa ukuta, umechotwa mchanga ama umebaki ulivyokuwa. Yeye atafuata dira tu. Ufuo atakaoukuta ni huu tunaouamulia sasa.